Kumtegemea Mwenyezi Mungu Wakati wa Dhiki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuugeuza usiku ukawa mchana na ukame ukawa mvua. Alifungalo Yeye hapana awezaye kulifungua, na alifungualo Yeye hapana awezaye kulifunga. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka siku ya Malipo.

Amma baadu. Ndugu zangu Waislamu, sababu ya kuiandika risala hii ndogo ni neno moja ambalo nalisikia kila siku, msikitini na barazani, sokoni na pwani penye vyombo. Neno lenyewe ni hili: “Nimemwachia Mungu.” Ni neno zuri, na mtu akilisema hali moyo wake umelifahamu, basi amesema neno kubwa. Lakini nimewaona wengi wakilisema kwa namna mbili zisizokuwa zake. Wa kwanza hulisema ili apate kulala. Limempata jambo, na mikono yake mizima, na akili yake nzima, naye hukaa akangoja mbingu zimfanyie kazi aliyoamrishwa yeye kuifanya. Wa pili hulisema kwa ulimi, na moyo wake umekwisha kata tamaa. Huyo huondoka barazani na neno hilo mdomoni, na usiku ukiingia huenda kwa mpiga ramli akatazamiwe nyota yake. Wote wawili wamelitaja jina la Mola wao, wala hapana mmoja katika hao aliyemtegemea.

Basi nimependa, kwa kadiri ya ilmu yangu iliyo chache, kubainisha maana ya kumtegemea Mwenyezi Mungu wakati wa dhiki, ili mwenye dhiki ajue la kufanya, na asiye na dhiki ajue la kumfanyia mwenzake.

Maana ya tawakali

Asili ya neno hili ni wakala. Mtu mwenye daawa mbele ya Kadhi, akiona hawezi kujisemea, humweka wakili aliye mjuzi wa mambo, mwaminifu, mwenye nguvu za kusema, na mwenye kumhurumia. Akisha kumweka, moyo wake hutulia. Imamu Ghazali, mmoja katika wakuu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra, nao ni 1111 wa miladi, ameeleza katika kitabu chake cha Ihya ya kuwa tawakali ina daraja tatu. Ya kwanza ni kumtegemea Mwenyezi Mungu kama mtu amtegemeavyo wakili wake. Ya pili ni kama mtoto mchanga kwa mama yake, ambaye likimpata lolote hamjui mwingine wa kumlilia. Ya tatu ni kama maiti mikononi mwa mwenye kumwosha.

Watu wengi wakiisikia daraja hii ya tatu hufurahi, wakadhani ndiyo ruhusa ya kulala. Walakini Imamu huyo huyo amesema ya kuwa mwenye njaa akiwekewa chakula mbele yake, kisha asinyoshe mkono wake kwa kudai kuwa anatawakali, huyo ana wazimu, wala jambo hilo halimo katika tawakali hata kidogo. Na kadhalika asiyepanda mbegu naye akatumaini kuvuna.

Kisha akazigawa sababu sehemu tatu. Ziko sababu za yakini, kama chakula kwa mwenye njaa. Kuziacha hizo si tawakali, bali ni ujinga. Ziko sababu zenye dhana kubwa ya kufaa, kama masurufu kwa msafiri. Hizo mtu huzishika kwa mkono, na moyo wake ukawa kwa Mwenyezi Mungu, si kwa mfuko wa masurufu. Na ziko sababu za kuwaza tu, ambazo mtu huzifuata kwa khofu na tamaa. Hizo ndizo ziharibuzo tawakali. Sasa tujitazame sisi. Je, si kweli ya kuwa wengi wetu huziacha zile za kwanza na za pili, tukazikimbilia hizi za tatu? Mvuvi haufumi wavu wake uliotatuka, lakini yu tayari kutoa fedha aambiwe ni nani aliyemfungia bahari.

Maneno ya Nabii Yaakub

Katika Sura ya Yusuf tumefundishwa jambo hili kwa uwazi ambao haubakishi udhuru. Nabii Yaakub alipotewa na Yusuf, kisha akapotewa na mwanawe wa pili, na macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Angalieni vyema: Mtume wa Mwenyezi Mungu alilia mpaka akapofuka, wala Mola wake hakumhesabu kuwa ni katika wasiomtegemea. Basi machozi hayavunji tawakali. Mtu asimwambie ndugu yake aliyefiwa au aliyefilisika, “Mbona walia, huna imani?” Mwenye kusema hivi amejifanya kuwa na imani kuliko Mitume.

Na katika hali ile ile ya kuwa kipofu, Yaakub aliwaambia wanawe mambo mawili pamoja, katika aya moja: kwamba waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na kwamba wasikate tamaa ya rehema ya Mwenyezi Mungu. Hakuwaambia wasikate tamaa kisha wakae. Wala hakuwaambia waende wakatafute kwa nguvu zao wenyewe. Aliwatuma miguu yao, na akazifunga nyoyo zao kwa Mola wao. Na kabla ya hapo, walipokuwa wakienda Misri, aliwausia waingie kwa milango mbali mbali, wasiingie kwa mlango mmoja. Kisha papo hapo akawaambia ya kuwa yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya amri ya Mwenyezi Mungu. Hadhari aliishika, wala hakuiabudu hadhari yake.

Hijra ya Mtume wetu

Na kama hayo hayatoshi, tumtazame Bwana wetu Muhammad, rehema na amani zimfikie, katika mwaka wa 622 alipohama Makka. Nani amtegemeaye Mola wake kuliko yeye? Na juu ya hayo, hakuacha sababu hata moja. Seyyidna Ali alilala kitandani pake ili maadui wadhani kuwa bado yumo. Madina iko kaskazini mwa Makka, naye akaelekea kusini kwenye pango la mlima wa Thaur, akakaa humo siku tatu na Abubakar. Abdalla mwana wa Abubakar alikuwa akiwajia usiku na habari za Makureshi. Amir bin Fuhaira alikuwa akipitisha mbuzi ili nyayo zifutike. Na kiongozi wa njia aliyeajiriwa, Abdalla bin Uraikit, alikuwa bado yu katika dini ya Makureshi. Alichukuliwa kwa sababu alikuwa mjuzi wa njia na mwenye kuaminika.

Zimekwisha sababu zote, wala hapana iliyosahauliwa. Na pamoja na hayo yote, maadui walifika mpaka mlangoni mwa pango! Lau mmoja wao angaliinama akatazama penye miguu yake, angaliwaona. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa kazi ya mikono. Hapakuwa na hila tena ya kufanya, na Abubakar akaingiwa na huzuni, akamkhofia Mtume. Naye Mtume akamtuliza kwa kumjulisha ya kuwa hawako wawili peke yao, bali Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Wakageuka wale wakarudi.

Basi fahamuni, ndugu zangu. Zile sababu hazikumwokoa Mtume, kwani zilimfikisha mpaka pangoni zikakoma. Aliyemwokoa ni Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume hakuona haya kuzishika zote kabla ya kufika hapo. Anayesema “Nimemwachia Mungu” naye hajatoka hata mlangoni kwake, huyo hajafika pangoni. Na utulivu wa pangoni hauombwi na aliyelala nyumbani.

Kosa langu mwenyewe

Nisiwe ni mwenye kuwaonya watu nami nikajisahau. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana katika kazi ya kusomesha, alikuja kwangu mvuvi mmoja ambaye wanawe wawili walikuwa wakisoma chuoni kwangu. Mashua yake ilikuwa imevunjika mwambani wakati wa kusi kali, na nyavu zimekwenda na maji, na fedha za mashua na nyavu alikuwa amezikopa kwa tajiri. Akaniambia, “Maalim, niandikie kombe, deni hili liniondokee.” Nikatwaa sahani na zafarani nikamwandikia, nikamwambia anywe siku 7, kisha atawakali. Akanipa ada yangu nikaipokea. Na fedha ile, kama nilivyopata kujua baadaye, alikuwa ameikopa kwa jirani.

Ikapita miezi. Wanawe wakaacha kuja chuoni. Nikaenda kwake kuuliza habari, nikamkuta mkewe mlangoni akikaanga vitumbua vya kuuza, na yeye mwenyewe amekaa ndani. Kila tajiri alipomtumia mtu, jawabu yake ilikuwa moja: Maalim amemwambia atawakali. Na tajiri naye alikuwa karibu ya kumshitaki. Aliponiona akaniuliza kwa adabu, “Maalim, au hukuliandika sawasawa?”

Wallahi neno lile lilinichoma. Sisemi ya kuwa Kurani si shifaa, wala sikatazi dua. Nani awezaye kusema hayo? Lakini mimi nilikuwa nimempa maji ya zafarani mtu aliyekuwa akitaka mwenzi wa kwenda naye kwa mdai wake. Nilijua, kwani nilikuwa nimekwisha kuisoma, habari aliyoipokea Abu Daud ya mtu katika Ansari aliyemwendea Mtume kuomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani. Akaleta kitambaa na bakuli. Vikanadiwa kwa dirhamu 2. Moja akanunulia chakula cha watu wake, na ya pili akanunua shoka. Mtume kwa mkono wake mwenyewe akalitia shoka mpini, akamwamrisha aende akakate kuni, wala asionekane kwa siku 15. Akarudi na dirhamu 10. Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye dua yake hairudi, alitia mpini katika shoka. Nami mwalimu wa chuo nilidhani kuwa kalamu yangu yatosha.

Siku ile nikamrudishia ada yake, na baada ya sala ya Alasiri tukaenda sote wawili kwa tajiri. Nikamkumbusha yale aliyoyaamrisha Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bakara, ya kuwa mdaiwa akiwa katika dhiki na angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Hakuwa mtu mbaya tajiri yule. Ila tangu chombo kivunjike hapana mtu aliyemwendea akamweleza. Wakakubaliana alipwe kidogo kidogo kila mwezi, pasipo ziada. Na mvuvi yule, aliyekuwa nahodha katika chombo chake, akaingia ubaharia katika mashua ya mwingine. Alilipa deni kwa muda wa miaka minne. Mashua nyingine hakuipata mpaka leo. Lakini siku alipomaliza deni alikuja akaniambia, “Maalim, nilikuwa nikimwomba Mungu anirudishie mashua yangu. Amenirudishia usingizi wangu, nami nimeridhika.”

Mwenyezi Mungu hubadili mambo kama apendavyo Yeye

Haya yanatufikisha katika jambo ambalo nyoyo nyingi hulikimbia. Mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu hakupatana naye ya kuwa atampa kile kile alichokichagua. Twamtegemea kwa kuwa Yeye yuajua, nasi hatujui. Na katika pwani yetu uko mfano ambao wazee wetu waliuona kwa macho.

Mwezi wa Aprili 1872, nao ni mwaka wa 1289 wa Hijra, katika zama za Sayyid Barghash bin Said, ilishuka tufani kubwa juu ya kisiwa cha Unguja. Vyombo vilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ikang'oka. Mtu aliyelala tajiri aliamka akiwa na ardhi iliyojaa magogo. Na mkarafuu hauzai kwa mwaka mmoja. Aupandaye hungoja miaka sita au saba au zaidi kabla ya kuchuma. Wako waliosema kuwa karafuu imekwisha. Lakini Pemba, iliyo karibu, tufani ile haikuidhuru sana. Bei ya karafuu ikapanda, watu wakapanda miche, na Pemba iliyokuwa nyuma ikaipita Unguja kwa wingi wa karafuu. Mlango mmoja ulifungwa kwa usiku mmoja, na mlango wa pili ulikuwa umekwisha funguliwa ng'ambo ya maji, kabla ya mtu kuuona.

Wengi husimulia habari hii wakakomea hapo. Mimi nasema tusikome hapo. Ni nani waliopanda mikarafuu ile na kuichuma? Mashamba yale yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Usiku wa tufani, bwana wa shamba alikuwa akiomba mali yake isalimike. Na katika vibanda walikuwako watu wasiokuwa na mali ya kuombea, waliotolewa makwao wakiwa watoto. Je, hao hawakuinua mikono? Na Mtume wetu alipomtuma Muadh kwenda Yaman alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hapana pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia mkono katika mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Na mwaka wa 1897 ikatolewa amri ya kuuondolea utumwa haki yake mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Sisemi ya kuwa tufani ile ilikuwa ni adhabu. Ilmu ya hayo i kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Nasema hivi: siku zile walikuwako waliodhani kuwa hali yao haiwezi kuharibika, na walikuwako waliodhani kuwa hali yao haiwezi kutengenea, na wote wawili walikosa. Kudra ya Mwenyezi Mungu haikuwekwa kwa ajili ya watu wenye mashamba tu.

Kwa hivyo mtu akiwa katika dhiki, kabla ya kuuliza ni nani aliyemroga, na ajiulize ni haki ya nani iliyo mkononi mwake. Pengine ni ujira wa kibarua aliouchelewesha. Pengine ni urithi wa dada yake alioukalia, au mahari ya mkewe. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Raad ya kuwa habadili yaliyo kwa watu mpaka wao wabadili yaliyomo nafsini mwao. Ni ajabu kwetu kumwomba Mola atufungulie mkono, na mkono wenyewe tumeufumba juu ya mali ya yatima.

Khatima

Basi, ewe ndugu yangu uliyepatwa na dhiki, shika mambo manne. La kwanza, timiza faradhi zako, wala usiache kuomba, na hasa usiku watu wakiwa wamelala. Sisi katika kunuti ya kila Alfajiri twamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na shari ya aliyoyahukumu. Basi tusiisome kwa haraka kama mtu aliyeachwa na chombo. La pili, rudisha haki ya kila mwenye haki, hata ikiwa ndogo. La tatu, fanya lililomo mkononi mwako leo, hata likiwa dogo na la kukuonea haya mbele ya watu. Kwani Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Mola wake na huzuni na uvivu na uzito wa deni katika dua moja, na mwenye akili hufahamu kwa nini mambo hayo yamewekwa pamoja. La nne, ukisha kufanya hayo yote na jambo likabaki vile vile, basi jua ya kuwa umefika pangoni. Hapo tulia. Usimhesabie Mola wako siku, wala usimwonyeshe mlango wa kuingilia.

Na wewe ambaye Mwenyezi Mungu amekupa wasaa, usimwambie ndugu yako “Tawakali” kisha ukamgeuzia mgongo. Neno hilo ni la kweli, lakini kinywani mwako laweza kuwa udhuru wa ubakhili. Mwambie “Tawakali,” kisha mtilie shoka lake mpini. Huenda dua aliyoiomba usiku jawabu yake ni wewe.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiwe tegemeo letu, na kwako ndiko marejeo yetu. Wafunguzie wenye madeni, na waponye wagonjwa, na warudishe salama walioko baharini. Usitufanye katika wenye kukata tamaa na rehema yako, wala katika wenye kuitumainia hali wamelala. Tusamehe sisi walimu tuliyoyafunza kwa ulimi tusiyafanye kwa mikono. Na umrehemu Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amin.